Bomba Chini ya Migomba ya Cucu

Wiki iliyopita fundi alikuja kurekebisha sinki ya jikoni mwangu. Alipofungua kopo la gundi ya mabomba, ile harufu kali, tamu kidogo, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho, ilijaa chumba kizima, nami nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Fundi aliniuliza kama afungue dirisha. Nikamwambia hapana. Sikuweza kumweleza kwamba harufu ile ilikuwa imenirudisha nilipokuwa msichana wa darasa la sita, pale Gatina, Kawangware, likizo ile ambayo hatukujua kama shule yetu ingefunguliwa tena.

Nikusimulie kwanza habari ya vyoo, na usinikunjie uso, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Shule yetu ilikuwa ya serikali, na tangu masomo yafanywe ya bure watoto walimiminika hadi tukawa tunakaa tumebanana kwenye dawati kama ndizi kwenye mkungu. Chaki zilikuja. Vitabu vilikuja, kwa kuchelewa. Lakini vyoo vilibaki vile vya shimo, vilivyochimbwa zamani Gatina ikiwa bado na mashamba ya mahindi. Kila mwaka mwalimu mkuu alikwenda kuuliza huko juu, na kila mwaka aliambiwa asubiri. Mvua ikinyesha shimo lilifura, na kilichofura kilitafuta njia yake kupitia nyuma ya darasa la tatu, wakati watoto wa darasa la tatu wakiimba jedwali la kuzidisha huku wameziba pua, sauti zote zikitoka kama za watu wenye mafua.

Sisi wasichana tulikuwa na ujanja wetu. Mimi kila asubuhi nilingoja Mama ajitwishe beseni aende zake, kisha nikamwaga chai yangu kwenye mtaro uliopita mbele ya mlango, ili nisihitaji choo mpaka nirudi nyumbani. Kufikia saa sita ulimi ulikuwa mkavu kama kadibodi, na kichwa kilinigonga polepole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Niliamini kwamba jambo hilo halijui mtu mwingine duniani.

Kabla ya likizo ya Aprili, bwana afya, mkaguzi wa usafi wa eneo letu, alikuja. Alizunguka nyuma ya madarasa na gambuti zake, akatikisa ubao mmoja wa sakafu ya choo, ukatikisika, akaita kijana wake na kopo la rangi. Wakachora X kubwa nyekundu kwenye mlango wa choo cha wasichana. Wenzangu walicheka. Walisema choo kimekosa hesabu, kimepewa sifuri. Mimi sikucheka. Sisi tulihamia sehemu ya Kawangware iitwayo 46, kutoka kijiji cha Raila, Kibera, baada ya X kama hiyo kuchorwa kwenye bati la nyumba yetu. Tulidhani ni maneno tu. Kisha asubuhi moja trekta likafika, na Mama akatoka na godoro kichwani, mimi nikimfuata na jiko mkononi, makaa yakiwa bado mekundu kwa sababu chai ilikuwa haijachemka. Kwangu mimi X ilikuwa kitu kinachotangulia trekta.

Siku ya kufunga, mwalimu mkuu, Bwana Simiyu, alitueleza paredini kwamba vyoo ni lazima viunganishwe na bomba kuu la maji taka kabla ya muhula kuanza, la sivyo shule haitafunguliwa. Alisema hivyo akitabasamu, na tabasamu lake ndilo lililonitia hofu zaidi, maana Bwana Simiyu hakuwa mtu wa kutabasamu.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na Mama. Aliondoka alfajiri kila siku kwenda soko la Gikomba kuchukua samaki na omena, wale dagaa wa ziwani, akauza pale 46 hadi jioni. Shule nyingine za serikali za karibu zilikuwa zimejaa pomoni. Basi aliongea na Auntie Akoth, dada yake aliyebaki Raila upande ambao trekta halikufika, akakubaliana naye kwamba shule ikifungwa nitahamia kwake, nisome kwenye vyumba vya mabati nyuma ya kanisa lao. Mama ningemwona Jumapili. Alinieleza haya huku akichambua omena, anatoa mchanga na vijiti, macho yako kwenye ungo. Nilimuuliza Jumapili zote? Akasema, "Zile zitakazowezekana." Kesho yake nikakuta amekunja magauni yangu kwenye mfuko wa nailoni na kuutundika kwenye msumari, karibu na mlango. Sikuugusa mfuko ule likizo nzima. Nilipolala niligeukia ukuta wa pili.

Wazazi waliitwa shuleni. Nilijua yaliyosemwa kwa sababu watoto tulikuwa madirishani. Bomba kuu lilipita chini kabisa, kwenye barabara ya bondeni. Kwanza alisimama Baba Njeri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Gatina, ambaye binti yake Njeri alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Alijulikana kwa mkono wa birika. Ukinunua misumari kwake alihesabu mara mbili kisha akarudisha mmoja. Siku hiyo alisema mabomba yote atatoa yeye, na gundi juu. Baba mmoja akamuuliza kwa upole, "Baba Njeri, uko sawa ama ni malaria?" Watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Halafu wanaume wa mjengo, vibarua wa ujenzi, wakasimama mmoja mmoja, wengi wao watu wa kwetu ziwani, wakasema mtaro watachimba wao, siku ambazo hawajapata kibarua, na hata zile ambazo wamepata. Mwenye chepe alitaja chepe, mwenye toroli akataja toroli. Nikaanza kuyahesabu machepe kwa vidole.

Kisha mtu akauliza mtaro utapita wapi, nami nikaacha kuhesabu.

Kati ya shule na barabara ya bondeni palikuwa na ploti ya Cucu Wambui. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee. Alikuwa mwenyeji wa pale kabla ya ghorofa. Alikuwa na nyumba ya mawe, safu moja ya vyumba vya kupangisha, nduma, yaani magimbi, kwenye sehemu yenye unyevu, na migomba iliyofuata ua wa shule. Hakuwa mtu wa matusi. Alikuangalia tu, na wewe mwenyewe ukaanza kukumbuka makosa yako. Ilisemekana kwamba zamani mtu fulani alimwomba mawe yake yapite tu, yakae kwenye kona ya shamba kwa wiki moja. Mawe yakawa kibanda, kibanda kikawa nyumba, na nyumba ikaja na hati. Tangu hapo neno "kupita" likisemwa mbele yake, alisimama mlangoni.

Bwana Simiyu na kamati walimwendea. Walivaa tai. Na kwa kuwa waliona aibu kumtajia mama mzee kitu chenyewe, walikubaliana njiani kusema "maji". Maji ya shule yanaomba kupita. Cucu aliuliza maji gani. Wakasema ya shule. Akauliza yanatoka wapi, wakasema shuleni. Akauliza kwa nini yasirudi yalikotoka. Aliwapa chai, wakanywa, akawasindikiza hadi langoni, akafunga lango. Baba Njeri alilisimulia hilo dukani mwake kama kichekesho, lakini Njeri aliponiletea habari alikuwa analia. Yeye baba yake alikuwa na uwezo wa kumpeleka shule ya kulipia. Alilia kwa sababu yangu, na hilo halikunifariji hata kidogo.

Zilikuwa zimebaki siku chache shule ifunguliwe Mama aliposema ataenda yeye.

Cucu alikuwa mteja wake. Kila wiki alinunua omena wa kulisha kuku, jambo lililomkera Mama sana, maana kwetu omena ni chakula cha watu. Lakini alimpimia vizuri na kumwongezea kiganja kimoja. Sasa aliamua kumpa heshima kwa kumwomba kwa lugha yake. Mwenzake anayeuza sukuma wiki kando yake alimfundisha sentensi moja ya Kikuyu, fupi, yenye neno la maji: *maaĩ*. Mama aliirudia akiosha vyombo, akifunga kitambaa, akipanda kilima cha kwenda Gatina, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Mimi nilikuwa nyuma yake na kifurushi cha omena. Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa ujasiri.

Kitu chenyewe ni hiki. Katika Kikuyu, neno la maji na neno la kinyesi ni ndugu wa karibu mno. La maji unalivuta kidogo, na sauti ya mwisho unaifinya. Usipolivuta, usipoifinya, umesema *mai*, na hayo si maji. Mimi nilijua kwa sababu Njeri alinifundisha maneno mabaya kabla ya mazuri, kama watoto wote wafanyavyo. Na Mama, ambaye mpaka leo anasema "sule" badala ya shule, hakuwa na ulimi wa kuvuta na kufinya.

Tulimkuta Cucu ameketi kwenye stuli nje, jua la alasiri miguuni, anamenya nduma. Alitukaribisha. Akamwita Mama kwa jina langu, Mama Atieno, akaniangalia mimi, nami nikakumbuka makosa yangu yote. Mama alisimama wima, akashika mikono yake miwili mbele, akatamka sentensi yake.

Alisema *mai*.

Kisu cha Cucu kikasimama kwenye nduma. "Ati?"

Mama alidhani hakusikika. Akarudia, polepole, kwa sauti kubwa, kwa heshima zote, akiomba kwamba mavi yapite kwake. Kwenye safu ya wapangaji mtu alikohoa, na mlango ukafungwa haraka ili kicheko kibaki ndani. Mimi masikio yaliwaka. Niliona mfuko wa nailoni ukishuka kutoka kwenye msumari, niliuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii.

"Mama Atieno," Cucu akasema, sasa kwa Kiswahili. "Unajua umeniomba nini?"

Mama alinigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alielewa. Niliona damu ikimpanda shingoni. Nilingoja acheke, aombe msamaha, aseme ulimi umeteleza, alimaanisha maji. Mtu yeyote angefanya hivyo. Mama aliketi chini, palepale kwenye maganda ya nduma.

"Ni hiyo, Cucu," alisema. "Si maji. Ni hiyo nimesema."

Halafu akamweleza yote. Shimo lililojaa, darasa la tatu, X mlangoni. Alimweleza kuhusu Raila. Na bila kuniangalia, kwa sauti aliyotumia kutaja bei ya samaki, akasema: "Huyu mtoto wangu hunimwagia chai kila asubuhi. Anafikiri sijui. Mtaro huwa na majani ya chai nikirudi."

Cucu aliniita karibu. Mikono yake ilinukia udongo. "Ni ukweli hunywi kitu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nirudi nyumbani."

Alirudi kwenye nduma yake, akamenya moja mpaka mwisho. Kuku walikuja wakapekua kifurushi nilichokuwa nimekiangusha bila kujua. Hatimaye akasema wale wa tai walimletea maji yasiyo na jina, na yeye kila alipodanganywa kuhusu shamba hili, alidanganywa kwa maneno masafi. "Kujeni kesho na huyo mwalimu," alisema. "Nitafikiria." Haikuwa ndiyo. Njiani nilimuuliza Mama kama ilikuwa ndiyo, akaniambia nitembee.

Kesho yake Bwana Simiyu alikuja bila tai, na nusu ya mtaa ikaja kusimama nje ya ua. Cucu alimuuliza, mbele ya watu wote, kinachotaka kupita kwake ni nini. Bwana Simiyu akasema ni maji taka. Cucu akasema hajasikia. Bwana Simiyu akasema ni uchafu wa vyoo. Cucu akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mwalimu mkuu wetu, ambaye hatukuwahi kumsikia akitamka neno lisilo la kitabuni, alifuta paji la uso, akalisema lile neno lenyewe, la Kiswahili, la watoto. Ua mzima ulicheka. Cucu hakucheka.

"Sasa tunaongea," alisema.

Alitoa masharti. Mtaro uchimbwe kwa mikono, ukifuata ua. Kila mchimbaji apitie lango la mbele na amsalimie. "Siku mkigusa kitu ambacho hamkuniambia," alisema, "mnafukia mkaenda."

Walichimba kuanzia alfajiri, kwa zamu. Nilikuwa pale kila siku, nimekaa juu ya matofali, nikiwahesabia kwa macho udongo unaotoka. Baba Njeri aliunganisha mabomba mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na gundi yake, na harufu ile ikatanda juu ya nduma, juu ya nguo za wapangaji kwenye kamba. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Ngong. Kila yalipokuwa meusi nililiona bwawa la matope mahali pa mtaro.

Karibu na mwisho wakafika kwenye mwamba. Haukupasuka kwa nyundo wala kwa moto. Njia pekee ilikuwa kukunja kupitia kwenye mgomba mkubwa, ule wenye mkungu unaokaribia kukomaa. Wachimbaji walinong'onezana. Mmoja alishauri wapitishe bomba chini ya mizizi kimyakimya, Cucu akiwa kanisani. Mama alikuwa ameleta uji. Aliweka birika chini, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Cucu, nami nikaziba masikio, nikafumba macho, nikangoja sauti ya udongo ukirudishwa.

Nilipofumbua, Cucu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro na panga. Aliangalia mwamba muda mrefu. Aliuliza kama hakuna njia nyingine, wakamwambia hakuna. Akaukata mgomba mwenyewe. Ilimchukua muda, mikono yake ilikuwa imechoka, na hakuruhusu mtu amsaidie. Mkungu ulipoanguka aliubeba akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Bwana afya alirudi mchana, siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Alimwaga ndoo ya maji kwenye choo kipya cha wasichana, ambacho wanaume wa mjengo walikuwa wamekijenga huku mtaro ukichimbwa, na sisi watoto tukakimbia hadi barabara ya bondeni, tukainama juu ya shimo la bomba kuu. Hakukusikika kitu. Njeri alinishika mkono, akaniumiza. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayeguna usingizini, bomba likatoa sauti, na maji yakaja. Bwana afya aliandika kitu, akaondoka. Hakusema hongera. Muhula ukaanza, na Mama akautoa mfuko wangu msumarini, akarudisha magauni sandukuni.

Ungedhani hofu yangu iliishia hapo. Haikuisha. Cucu alianza kuja kwenye mikutano ya wazazi. Hakuwa na mtoto wala mjukuu pale, lakini alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe, akauliza maswali. Kwa nini mwalimu wa sayansi hufika saa nne? Vitabu vilivyokuja viko kwenye kabati ya nani? Bwana Simiyu alimwogopa kuliko bwana afya. Nami, kule dirishani, nilikufa kidogo kila aliposimama, maana nilifikiri akikasirika atarudi nyumbani kufukua bomba. Niliomba Mungu amfanye anyamaze. Niliomba mwalimu wa sayansi awahi, si kwa ajili ya sayansi.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakuwa anatutisha. Kule Kibera niliwahi kuona wafadhili kutoka mbali. Walikuja, tukawaimbia, wakapiga picha, wakaenda, na hakuna aliyejua kama ukuta waliopaka rangi ulikuwa bado umesimama. Cucu hakuwa na mahali pa kwenda. Alilala juu ya kile alichotupa. Kikipasuka, kingepasuka kwenye nduma zake. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza, na zaidi ya haki, hakuwa na jinsi. Baba Njeri naye akaanza kuuliza, kwa sababu mabomba yalikuwa yake. Wachimbaji wakauliza. Shule ambayo haikuwahi kuulizwa kitu ikaanza kuulizwa kila muhula, na bila mtu kutangaza, walimu wakaanza kuwahi.

Nakumbuka mkutano mmoja, nilikuwa karibu kumaliza darasa la nane. Cucu alisimama akauliza kwa nini madawati mapya yamepelekwa kwa madarasa ya juu peke yake, na watoto wa chini wanaandikia magotini. Bwana Simiyu alijibu kwa Kiswahili kirefu, kizuri, kisichosema kitu. Cucu aliketi polepole. Alikuwa amezeeka, goti lilimsumbua. Nikashusha pumzi, nikifikiri yamekwisha.

Ndipo katikati ya ukumbi Mama akasimama. Mama, mpangaji wa chumba kimoja, muuza omena, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno mkutanoni. Kitambaa chake kilikuwa bado na magamba ya samaki. Alisema mwalimu hajajibu swali la Cucu, kisha akaliuliza tena, lote, kuanzia mwanzo.